Kurasa Nilizozibana

Kwa Mkuu wa Kituo cha Elimu ya Watu Wazima.

Mheshimiwa,

YAH: KURUDISHWA KWA MWANAFUNZI MWENZANGU KATIKA ORODHA YA MTIHANI

Kwa heshima na taadhima, rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni tarishi mstaafu na mwanafunzi wa darasa la Kiingereza la alasiri, ninayejulikana ofisini kwako kwa barua nne: ya choo, ya taa, ya saa ya ukutani, na ile ya tarehe 16 Aprili. Madhumuni ya waraka huu ni kuitengua hiyo ya nne. Kwa kuwa mtu anayetengua neno lake hana budi kuonyesha alilipataje, naambatisha shajara yangu ya muhula huu. Nimeinakili kama ilivyo, na yale yanayonitia aibu sikuyaondoa. Hata koma sikusahihisha.

Jumanne, 3 Machi

Darasa limeanza saa kumi alasiri katika chumba cha darasa la pili tulichoazimwa na shule ya msingi. Madawati ni ya watoto, na magoti yangu yalinifika kifuani. Mwalimu ni kijana asiyefunga kifungo cha kola, ila mwandiko wake hauna dosari.

Alieleza utaratibu. Tutakaa wawili wawili hadi mwisho wa muhula. Kila Alhamisi tutafanya zoezi, kisha wenza watabadilishana madaftari. Kila mmoja atamsahihisha mwenzake kwa penseli, na nyuma ya ukurasa atamwandikia neno lolote analotaka kumwambia, kwa Kiingereza tu. Jumanne madaftari yatarudi kwa wenyewe. Mtihani wa mdomo ni tarehe 5 Mei, na wenza watahojiana.

Kwa kuwa tuliingia mlangoni tukifuatana, mwenzangu amekuwa shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu. Ni fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa katika karakana yenye mashine arobaini. Huko wanatafuta mtu wa chumba cha ukaguzi, ambako maagizo ya nguo huja kwa Kiingereza, na hawamchukui asiye na cheti cha kituo hiki.

Ikumbukwe kwamba tangu mazishi ya mdogo wangu, mwaka wa pili huu, shemeji hanijibu ninapomwamkia njiani. Nilimwamkia mara tatu kwa nyakati tofauti, nikaacha. Salamu haitembei kwa mguu mmoja.

Alhamisi, 5 Machi

Shemeji ameomba tubadilishane viti. Mimi nakaa kushoto, kando ya dirisha, naye kulia. Nilimjibu kwamba viti vimekwisha kuandikwa kwenye orodha. Watu wa karakana hupenda upepo.

Jumanne, 10 Machi

Daftari langu limerudi. Sikuona haja ya kupitia masahihisho ya shemeji. Katika miaka thelathini na moja ya kubeba majalada nilijifunza kwamba jalada lililoshughulikiwa hufungwa, na halifunguliwi bila ombi la maandishi. Kwa hiyo kurasa zilizokwisha nazibana kwa kibanio cha chuma, ili daftari lifunguke penye ukurasa mweupe tu.

"Mzee Yahusu," alisema kinyozi anayekaa nyuma yangu, "daftari umelifunga kama mbuzi. Litakimbilia wapi?"

Jina hilo la Yahusu amenipachika yeye, kwa ajili ya barua zangu. 

Nyuma ya ukurasa wa shemeji niliandika neno moja la kiofisi, Seen, yaani imeonekana, nikatia sahihi.

Alhamisi, 12 Machi

Leo somo lilikuwa zito, nami nalinukuu kwa kirefu.

Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili: each other. Akasema Kiswahili chetu hulibeba jambo hili tumboni mwa kitenzi: penda, pendana, saidia, saidiana. Kiingereza hakina mahali pa kulificha. Hulitoa nje, likasimama kando ya kitenzi kama maneno mawili yasiyoachana. Kisha akaonyesha lisilo hilo, akaandika: They help themselves.

"Hawa wanajisaidia," akatafsiri.

"Wote kwa pamoja, mwalimu?" akauliza kinyozi. "Na choo chenyewe kimoja?"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, jambo ambalo sikulitarajia.

"Haya, wewe mwenye mdomo, toa mfano wako."

"Kunyoa, mwalimu. Ndevu najinyoa mwenyewe, lakini kisogo changu sikioni. Kwa hiyo mimi na mwenzangu wa kiti cha pili, kila Jumapili asubuhi, tunanyoana visogo. Ananinyoa, namnyoa. Akinikata makusudi, anajua zamu yangu inakuja."

"Hiyo ndiyo each other," akasema mwalimu. "Tendo litoke kwako, lirudi kwako. Likienda upande mmoja tu, neno hili halina kazi."

Nilisimama kutoa hoja. Kitabu changu cha sarufi, nilichokiokota kwenye pipa la karatasi la ofisi mwaka wangu wa nne kazini, kinasema each other ni ya watu wawili, na kuanzia watatu husemwa one another.

"Viko vitabu vinavyosema hivyo, mzee wangu," mwalimu alijibu, "lakini wenye lugha yao hawavifuati sana, hata waandishi wao wazuri. Tumia lolote kati ya hayo mawili."

Sikuridhika, nikaketi kuandika pingamizi langu. Ndiyo maana kipengele kilichofuata sikukinakili, nilikiona tu ubaoni kwa jicho la pembeni: kwamba maneno haya hayawi mtenda wa sentensi, hayakai mwanzoni. Shemeji, aliyekuwa hajasema neno mbele ya darasa tangu muhula uanze, alikisoma ubaoni akasema taratibu, "Kwa hiyo halijitegemei. Lazima watu watajwe kwanza." Mwalimu alimsifu.

Zoezi: tunga sentensi tano. Nilitunga kwa fahari.

Jumanne, 17 Machi

Mvua kubwa. Bati lilipiga kelele hata mwalimu akaacha kusema, akawa anaandika kila kitu ubaoni. Shemeji alijibu yote kwa chaki, bila kosa. Nimestaajabu.

Alhamisi, 19 Machi

Jua. Mwalimu alimuuliza shemeji swali mara mbili. Alinitazama mimi. Sikumsaidia, kwani kila mtu abebe mzigo wake.

Jumanne, 24 Machi

Jua. Shemeji kimya. Katika zoezi lake nilipata makosa kumi na moja. Seen.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Shemeji wa kwanza darasani. Mtu huyu ana akili anapotaka.

Jumanne, 31 Machi

Jua kali. Mwalimu alimuuliza shemeji kwa Kiingereza anafanya kazi gani. Akajibu kwa sauti, "Tuesday."

"Basi ana raha," akasema kinyozi. "Kazi yake ni Jumanne, siku sita zote mapumziko."

Walicheka, na shemeji akacheka pia, ila alianza wenzake walipokwisha kunyamaza. Niliona haya kwa niaba ya ukoo.

Alhamisi, 2 Aprili

Hapana la kuandika.

Jumanne, 7 Aprili

Shemeji kaniuliza tena habari ya viti, kwa ishara ya mkono. Nikatikisa kichwa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba nakusudia kuandika barua.

"Ya nini tena?"

"Ya mwenendo wa shemeji. Hanijibu njiani, hanijibu darasani. Huo ni ukimya wa dharau."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Mambo ya namna hii hupitia ofisini."

"Mume wangu," akasema, akichambua mchele bila kuinua uso, "wewe hata ukitaka chumvi utaiombea kwa nakala tatu. Mke wa marehemu mdogo wako yuko mtaa wa pili. Miguu unayo."

Mke wangu hajui utaratibu.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Shemeji vizuri, kama kawaida ya mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Jua. Leo tulifanya majaribio ya mtihani wa mdomo, wenza wakihojiana mbele ya darasa. Nilimuuliza shemeji maswali matatu niliyoyaandaa wiki nzima, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. La kwanza alitazama ubao mtupu. La pili aliniuliza yeye swali lake kabla sijamaliza langu. La tatu alitabasamu.

"Ng'ombe huyu analima shamba lake, na yule lake," kinyozi akanong'ona, na mnong'ono wake husikika hadi barabarani.

Nimefedheheka. Nilirudi kwenye dawati, nikaubana ukurasa wa sita.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo hapakuwa na zoezi. Nimewasilisha barua kwa Mkuu wa Kituo. Nanukuu aya ya pili, ambayo naiona imekaa vyema: "Mwanafunzi tajwa, pamoja na kuwa na uwezo aliouonyesha dhahiri katika baadhi ya siku, huchagua siku za kujibu na siku za kunyamaza, jambo linaloashiria kiburi cha ukimya na kutoheshimu kituo. Naomba nitenganishwe naye, na kituo kimpime kama anastahili kuketi katika mtihani."

Nakala tatu.

Jumanne, 21 Aprili

Mwalimu ametangaza kwamba shemeji ameondolewa kwenye orodha ya mtihani. Aliitwa Ijumaa ajieleze mbele ya kamati, akaulizwa maswali, hakujibu hata moja. Mimi nitahojiana na mwalimu mwenyewe. Kinyozi hakutoa utani wowote. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani wake.

Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Nikaweka koti langu juu yake.

Alhamisi, 23 Aprili

Naandika mezani jikoni, na mke wangu amenitazama mara mbili bila kuuliza.

Mvua ilianza saa kumi kasorobo na haikukoma. Mwalimu alifungua boksi la chaki, likawa tupu, na mlinzi mwenye ufunguo wa stoo hakuwapo. Basi akafundisha kwa mdomo, chini ya bati lile. Niliona midomo yake ikienda. Waliokaa mbele walitikisa vichwa kukubali, nikatikisa nami. Mara akanielekeza kidole, akauliza jambo. Sikusikia hata herufi. Kwa kuwa mtu mzima hasemi mbele ya watu kwamba hakusikia, nikajibu, "Yes, sir." Darasa likacheka. Nami nikacheka, ili nisionekane wa kando.

Nilipokuwa nikicheka nikagundua wenzangu wamekwisha kunyamaza.

Kinyozi aliinama akanipigia kelele sikioni, bila kejeli: "Kakuuliza umri wako, mzee."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa. Kicheko kama hicho, cha kuchelewa baada ya wengine, nilikuwa nimekiona mahali. Nikaifungua shajara hii, nikakikuta tarehe 31 Machi. Kisha nikasoma siku zote tangu mwanzo, kidole kikifuata mstari. Tarehe 17, mvua, shemeji vizuri. Tarehe 19, jua, kimya. Tarehe 24, jua, kimya. Tarehe 26, mvua, wa kwanza. Tarehe 9 Aprili, mvua, "vizuri, kama kawaida ya mvua." Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, nikatia tarehe. Siku za mvua mwalimu huandika ubaoni. Siku za jua husema.

Hapo nikachukua daftari la mazoezi nikakitoa kibanio. Kilikuwa kimeshika kutu, kikaniparura kidole. Nyuma ya kila ukurasa yalikuwapo maandishi ya penseli, madogo, yamenyooka kama mshono. Nayahamishia hapa kwa Kiswahili, kwani Kiingereza chake na makosa yake ni mali yake.

Nyuma ya ukurasa wa kwanza: "Shemeji, mwandiko wako ni mzuri. Marehemu alikuwa akisema hivyo. Naomba tubadilishane viti. Sikio langu la kushoto limekufa kwa mashine. La kulia bado lina uhai kidogo."

Wa pili: "Umeanza sentensi kwa each other. Haianzi. Watu kwanza. Samahani kukusahihisha. Viti je?"

Wa tatu: "Umerudia. Labda hukuona. Mvua ikinyesha mimi nafurahi, tunakuwa sawa wote."

Wa nne: "Karakana wasijue, wataniondoa kabla sijapata cheti. Chumba cha ukaguzi ni kimya, sikio hili moja lingeweza kupona huko, au lisife haraka. Nakuambia wewe tu."

Wa tano: "Nilisema Tuesday wakacheka. Mwalimu aliuliza nini? Niandikie, tafadhali."

Wa sita: "Umerudia tena. Watu kwanza."

Nami katika kurasa zake, mara sita: Seen. Na sahihi.

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu akasoma. Hakusema, "Nilikuambia." Alikwenda akaniletea taulo.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilikwenda karakana saa ya chakula. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi, na mashine arobaini zikinguruma mbele yangu, nikahisi meno yakitetemeka kinywani. Miaka kumi na tisa. Yake ni ya tatu kutoka mlangoni, na upande wake wa kushoto umeelekea mtambo mkubwa wa kukata vitambaa. Hakuniona mpaka nilipokwenda kusimama upande wa kulia.

Tulitoka hadi uani, kwenye benchi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Badala yake nikauliza:

"Shemeji, siku zile njiani, nilipokuamkia. Ulinisikia?"

"Uliniamkia lini?"

"Mara tatu."

Alifikiri. "Mimi nilijua umenisusa baada ya mazishi. Nikasema, basi, ndugu yake amekwenda, mjane ni wa nini kwake."

Nikamwambia habari ya kibanio, jinsi nilivyozibana kurasa bila kuzisoma. Nilimwambia pia habari ya barua, kwamba ni yangu. Hilo la barua alikuwa analijua.

"Kamati walinisomea," akasema. "Wakiwa wameinamia karatasi, kwa hiyo sikusikia mengi, lakini sahihi yako naijua. Imekaa nyuma ya kurasa zangu sita."

"Ile Seen…"

"Imeonekana. Nikajua umeona, na umekataa." Alipangusa uzi kwenye mkono wa gauni lake. "Shemeji, wewe humsikilizi mtu asiye na karatasi. Marehemu alinionya. Nikakupa karatasi. Sasa ulitaka nikupe nini, bendera?"

Nilicheka, na yeye akacheka, wakati mmoja.

"Sikuombi unisamehe leo," nikasema. "Nakuomba ruhusa. Nikiandika ukweli, Mkuu atajua habari ya sikio, na huenda ikafika hapa. Nisipoandika, orodha inafungwa tarehe 30."

Alinyamaza. Safari hii nilijua ananyamaza kwa kufikiri.

"Andika," akasema mwishowe. "Ila umwambie aiweke kwake mpaka mtihani upite. Baada ya hapo nitawaambia hapa mwenyewe." Akainuka, kisha akageuka. "Hii ni barua yako ya kwanza unayomuuliza mtu kabla ya kuandika."

Jumanne, 28 Aprili

Asubuhi nilimweleza mwalimu, kwa idhini yake shemeji. Alishika kichwa. Alisema alimfundisha wiki saba akiwa amegeukia ubao, na kwamba lawama si yangu peke yangu. Nilimjibu kuwa ugawaji wa lawama usubiri, kwanza mtihani. Nimeona leo kwamba kola yake haina kifungo kabisa, kilikatika. Shemeji amesema alete shati.

Hapa shajara inaishia, nami narudi kwako, Mheshimiwa.

Naomba yafuatayo. Barua yangu ya tarehe 16 Aprili iondolewe kwenye jalada la mwanafunzi huyu. Akirudishwa, tukalie kila mmoja kiti cha mwenzake, ili niwe upande wa sikio lake lililo hai. Na habari ya masikio yake uiweke moyoni, usiiweke kwenye faili. Maneno hayo ya mwisho sikutarajia kuyaandika maishani mwangu.

Siombi apunguziwe swali hata moja. Atanihoji nami nitamhoji, nikimtazama usoni, na nikikosea atanisahihisha, kwani sentensi ile niliikosea mara tatu na yeye ndiye aliyeiona.

Sisi wawili tumekaa kwenye benchi nje ya mlango wako, na waraka huu nakupitishia chini ya mlango. Ukitaka kutuita usiite kwa sauti, fungua mlango tu. Orodha inafungwa keshokutwa. Naomba uamue leo: arudishwe, au asirudishwe.